Sura Yangu Hukuiajiri

Kiwandani walimwita Sindano, nusu kwa sababu ya kazi yake, nusu kwa sababu ya ulimi wake. Alishona kava za magodoro na kuzitia zipu, na hakuwa mtu wa kumeza maneno. Akiambiwa kava imepinda, alijibu kwamba labda ni shingo ya mtazamaji iliyopinda. Mtu wa namna hiyo ungetegemea awe wa kwanza kukataa upuuzi. Lakini kila asubuhi alisimama na wenzake akaufanya upuuzi uleule, na jambo hilo lilimkera kuliko lilivyowakera wengine wote.

Upuuzi wenyewe ulikuwa hivi. Kabla cherehani hazijawashwa, wafanyakazi walikusanyika kwenye ukumbi wa kushonea, kati ya majora ya kitambaa na milima ya sponji, wakatoa simu zao. Simu zao wenyewe, walizozinunua kwa jasho lao na kuzitia vocha kwa jasho lilelile. Meneja wa mauzo alikuwa ameshatuma tangazo la siku kwenye kundi la kazini. Kila mmoja alilichukua akaliweka kwenye stetasi yake, pale ambapo ndugu na marafiki huona picha za mtu kutwa nzima, kisha akarudisha ushahidi kundini kwamba ameliweka. Siku nyingine tangazo lilikuwa picha ya mfanyakazi mwenyewe, amelala chali juu ya godoro jipya ambalo nyumbani kwake hana, na chini yake maneno ya kampuni: "Mimi nimelala. Wewe je?"

Malipo ya kazi hiyo hayakuwepo. Meneja alisema hiyo si kazi, ni mapenzi. "Sisi ni familia moja, jamani," alikuwa akisema huku akizunguka na kamera. "Hebu tabasamu. Tabasamu kidogo!" Neno hilo lilikuwa halimtoki mdomoni, wakambandika jina la Tabasamu, ingawa mwenyewe akicheka ungedhani anaumwa jino.

Asiyeweka tangazo alisubiri Ijumaa. Siku hiyo, kabla watu hawajatoka, Tabasamu alipanda juu ya rundo la magodoro akasoma kwa kipaza sauti majina ya "wasio na moyo wa kampuni", katika ukumbi ambao hata mtu akipiga chafya wote wanasikia. Biashara ikilegea, waliosomwa ndio waliokuwa wa kwanza kuambiwa wakapumzike nyumbani mpaka watakapoitwa, na wengine mpaka leo hawajaitwa. Sindano alikuwa na baba wa kumlisha. Kwa hiyo alilala chali, akatabasamu, akainuka akajipangusa sketi na kurudi kwenye cherehani yake amenuna.

Picha yake ya kwanza ilipotoka, shangazi yake alimpigia simu palepale.

"Wewe mtoto, umepatwa na nini? Watu wananionyesha simu hapa, umejilaza hadharani, mtu mzima na akili zako!"

"Ni kazi, Shangazi."

"Kazi yako si kushona?"

"Ndiyo, lakini na hii tunaambiwa tufanye."

"Wanakulipa kwa kulala?"

Sindano alibadilisha mazungumzo, akauliza habari za mguu wa shangazi. Lakini swali lile lilimkaa rohoni. Alipomsimulia Wembe, mkata sponji wao, jamaa wa masihara ambaye alikuwa rafiki yake tangu siku ya kwanza kiwandani, Wembe alicheka mpaka akashika mashine yake asianguke.

"Ni picha tu, Sindano. Haikuli chochote. Weka, sahau, shona."

Naye aliweka, akasahau, akashona. Asubuhi baada ya asubuhi, watu wake wote walioamka na kushika simu walikutana na godoro.

Nyumbani aliishi na baba yake. Mzee alikuwa seremala wa vitanda, na mtaani kwao ilikuwa vigumu kupata nyumba isiyo na kitanda kilichotoka mikononi mwake. Sasa mikono ilikuwa ingalipo ila kumbukumbu zilikuwa zinamtoroka. Alikuwa anaweza kueleza namna ya kuunga mbao mbili zisilie maisha yao yote, kisha akauliza kama amekula, na sahani bado iko mapajani. Jina halisi la binti yake lilikuwa limempotea, lakini lile alilompa alipokuwa mtoto lilikuwa limebaki. Alimwita Kitinda, kwa kuwa alikuwa kitinda mimba wake.

Siku za kazi, muuza mkaa aliyeweka magunia yake mkabala na mlango wao alimwangalia mzee. Jumapili muuza mkaa hakufungua, na Jumapili ilikuwa siku yao wawili. Sindano alimnyoa baba yake ndevu, akamfulia, wakakaa mlangoni wakisikiliza redio, na mzee akazisimulia zile mbao zake. Kwa binti yake hiyo ndiyo ilikuwa siku ya pekee katika wiki ambayo hakuna mtu aliyemwambia atabasamu, na ndiyo siku aliyotabasamu.

Basi Tabasamu akatangaza matembezi. Jumapili, wafanyakazi wote, fulana nyekundu zenye jina la kampuni, ngoma mbele, kipaza sauti nyuma, wapite mitaani wakiimba sifa za godoro.

Sindano alimfuata ofisini. "Meneja, Jumapili mimi sina mtu wa kukaa na mzee wangu. Naomba mnisamehe."

"Hatujamlazimisha mtu," alisema Tabasamu kwa upole. "Ila watakaokosekana tutawajua Ijumaa. Na familia ya kazini nayo ni familia, au sivyo?"

Alitaka kumjibu. Jibu lilikuwa limefika kwenye ncha ya ulimi. Akafikiria chakula cha baba yake, akalirudisha.

Jumapili alimwachia mzee chai na redio, akamwomba mke wa jirani awe anachungulia, akavaa fulana. Walitembea juani mpaka miguu ikawawaka. Walipita hata mtaani kwake, na alipokaribia nyumba yake aliinamisha kichwa majirani wasimwone, jambo la kijinga, kwa kuwa ngoma ile ingemwamsha hata kiziwi. Nyuma yake kipaza sauti kilikuwa kinauliza, "Mimi nimelala, wewe je?" Hakugeuka kutazama mlango wao. Matembezi yaliishia sokoni, wale wa duka la kampuni wakarudi dukani na ngoma yao, na waliobaki wakatawanyika kila mtu na njia yake.

Alipofika nyumbani redio ilikuwa inaongea peke yake. Chai ilikuwa haijaguswa. Mke wa jirani alisema alichungulia, mzee alikuwepo, alipochungulia tena aliona mlango umerudishwa akadhani amelala.

Sindano alizunguka nyuma ya nyumba, akaenda mpaka ilipokuwa karakana ya zamani ya mzee, akarudi. Kisha akafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye watu angefanya. Alitafuta picha ya baba yake iliyo nzuri, akaiweka kwenye stetasi na kuandika: "Baba yangu ametoka nyumbani na hakumbuki njia. Tafadhali, ukimwona, mshike mkono, nipigie." Watu wake ni wengi. Kuna ndugu, kuna wanakwaya, kuna wateja wa mzee wa tangu zamani, kuna wale aliosoma nao. Alijua kabla hajamaliza kufunga viatu simu itakuwa inalia.

Simu haikulia. Alitembea mitaa, akauliza wauza matunda na waosha magari, na kila alipoitazama, simu ilikuwa kimya. Aliiangalia ile picha kuona ni wangapi wameifungua. Walikuwa wachache mno, na wengi wao watu wa kiwandani kwao ambao hawakuwahi kumwona mzee.

Jua lilipoanza kulegea alimpigia dada yake mkubwa, huku akiwa tayari amekasirika.

"Dada, ina maana umeona Baba amepotea ukakaa tu?"

"Nini? Baba amepotea? Lini?"

"Nimeweka tangu mchana! Picha iko pale, maandishi yako pale!"

"Mdogo wangu, usinichukie. Stetasi zako nilizinyamazisha zamani. Kila nikifungua, godoro. Nikiamka, godoro. Nikasema huyu nitamsalimia kwa simu."

"Umeninyamazisha mimi?"

"Si mimi peke yangu. Shangazi ndiye aliyenifundisha namna ya kufanya. Hata wanakwaya wako."

Sindano alikaa chini palepale kwenye ukingo wa barabara, na fulana yake nyekundu. Alikuwa na watu tele, na hakuna aliyekuwa anamsikia. Walikuwa hawajamchukia, walikuwa wamechoka tu. Sauti yake ilikuwa imetumika kuuzia magodoro mpaka ikaisha, na leo alipoihitaji kwa ajili ya baba yake, haikuwepo. Uchungu ulimpanda, na hasira ikaja nyuma yake, na kati ya vitu hivyo viwili hasira ndiyo iliyomwinua.

Dada yake akaanza kupiga simu huku na huku, kwa mdomo, kama zamani. Ndipo Wembe alipompigia Sindano.

"Umefungua kundi la kazini?"

"Lile? Nimelinyamazisha tangu Ijumaa. Nani ana muda nalo?"

"Mimi pia. Nilikuwa natafuta ratiba ya kesho, nikafungua. Sindano, fungua sasa hivi. Mzee wako yumo."

Alifungua. Matangazo yalikuwa yamerundikana, na juu yake, picha ya tangu mchana. Baba yake alikuwa amelala kwenye godoro la maonyesho, nyuma ya kioo cha duka la kampuni, mdomo wazi, kiatu kimoja kimemvuka. Chini yake Tabasamu alikuwa ameandika: "Hata wazee wetu wanalipenda! Mzee amelala. Wewe je? HILI NDILO TANGAZO LA KESHO. Kila mtu aliweke." Picha ilikuwa imekaa mle saa zote alizokuwa akihangaika. Hakuna aliyemtambua, kwa sababu hakuna aliyelifungua kundi. Wembe alimtambua kwa kuwa kitanda chake cha ndoa kilipigwa na mzee huyohuyo.

Alikimbia. Duka lilikuwa limefungwa, lakini mlinzi alikuwa kwenye kibanda chake, na ndani ya kibanda, kwenye kiti cha pekee kilichokuwemo, alikaa baba yake na kikombe cha chai mkononi.

"Walipofunga walimtoa nje," alisema mlinzi. "Nikasema akae na mimi, mwenyewe atakuja. Mzee mtu mzima hatoki hewani."

Sindano alimshukuru mlinzi mpaka maneno yakamwishia. Akapiga magoti, akamvika baba yake kiatu.

"Kitanda kile kinalia," mzee alimwambia, akionyesha kidole dukani. "Nilikijaribu. Aliyekipiga hakuweka gundi." Kisha akamtazama vizuri, akaishika ile fulana nyekundu kwa vidole viwili. "Kitinda. Mbona nilikuita, hukugeuka?"

"Uliniita wapi, Baba?"

"Mlipita na ngoma. Nikakuita. Nikakufuata nakuita. Wote mmevaa mavazi mamoja, kila ninayemshika si wewe."

Sindano aliivua fulana ile hapohapo juu ya blauzi yake, akaikunja, akampa mlinzi afutie baiskeli.

Jumatatu asubuhi walikusanyika kama kawaida, kati ya majora na sponji. Tabasamu alikuwa na furaha isiyo na kifani. Tajiri mwenyewe, mwenye kiwanda, alikuwa amekuja na kusimama mlangoni mikono nyuma, maana ile picha ya mzee ilikuwa imewekwa kwenye ukurasa wa kampuni tangu jana usiku na ilikuwa imesambaa vibaya sana.

"Simu juu, jamani! Leo tuna tangazo la mwaka!"

"Ishushe hiyo picha," alisema Sindano.

Alikuwa hajapaza sauti. Lakini ukumbi ule, kama nilivyosema, hata chafya husikika.

"Nani amesema?"

"Mimi. Huyo ni baba yangu. Alikuwa amepotea, tunamtafuta mji mzima, wewe umempiga picha."

Tabasamu alipigwa na butwaa, kisha uso ukamchanua. "Baba yako? Mbona hukusema! Hiyo ndiyo bahati yenyewe. Mimi nilidhani ni mzee tu ameingia."

"Mzee tu! Yaani mzee usiyemjua ukimkuta amelala, kiatu kimemtoka, hujiulizi ametoka wapi wala nani anamlilia? Unamtafutia maneno ya kuandika chini yake?"

"Sasa usiwe mkali, dada. Hakuna aliyeumia."

Hapo Tajiri alikohoa akasogea mbele. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, na waliomfahamu waliiogopa sauti hiyo kuliko makelele ya Tabasamu.

"Mama, pole kwa yaliyotokea," alisema. "Nimekuelewa. Tufanye hivi. Leo hii mzee apelekewe godoro, lile nene kabisa. Zawadi. Wewe utasema maneno mawili kwenye kamera, kwamba baba amelipenda. Picha ibaki, watu wafurahi, yaishe."

Tusidanganyane: alilitaka. Godoro la baba yake lilikuwa limeingia katikati kama sinia, na kila asubuhi mzee aliamka anashika kiuno. Mikono ya Sindano ilikuwa imeshona kava za magodoro ya mji mzima, na hakuna hata moja lililokuwa kwao. Wenzake waliokuwa karibu walimwona anameza mate. Mmoja wao, fundi wa kukunja pembe, alimnong'oneza, "Chukua, wewe. Ni haki yako." Naye kweli aliliona godoro, amelitandika, mzee amelala bila kuugua. Kisha akamwona mzee yuleyule akimfuata mtu huyu na yule barabarani, akiita.

"Tajiri," alisema, "mliajiri mikono yangu. Naileta kila siku, hata inapouma, na kazi yake mnaijua. Sura yangu hukuiajiri. Shangazi yangu hukumwajiri, dada yangu hukumwajiri, wala simu hii hukuinunua. Nimewauzia magodoro asubuhi zote hizi kwa watu wangu mpaka watu wangu wakaninyamazisha. Jana nimelia kwao hakuna aliyenisikia. Kwa hiyo mimi basi. Godoro nikilitaka nitalinunua, na nikishalinunua nitalilalia kimya, bila kumuuliza mtu kama naye amelala. Na baba yangu mtoe humo sasa hivi."

"Na kama hatumtoi?" aliuliza Tabasamu, ambaye tabasamu lilikuwa limemwisha.

"Basi mimi nitasimama mlangoni pa duka lenu kila Jumapili na baba yangu mkononi, na kila anayeingia nitamsimulia mlivyompata. Hiyo nayo nitawafanyia bure."

Mtu mmoja alicheka kwa kukohoa. Sindano akatoa simu yake mfukoni, akaizima, akaitupa kwenye pipa la vipande vya sponji ambako ilitua bila hata kishindo. Akaenda kwenye cherehani yake, akakaa, akaanza kushona. Peke yake, ndani ya ukumbi mzima, sindano ikapanda na kushuka.

Zipu ya kwanza aliishona mshazari, kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu aanze kazi, akaifumua na kuanza upya. Hakuinua kichwa. Alikuwa anangoja kuambiwa achukue mkoba wake aende zake, na alikuwa ameshaanza kupanga atakavyomweleza dada yake.

Badala yake alisikia mngurumo. Wembe alikuwa amewasha mashine ya kukatia sponji, ile kubwa ambayo ikilia hata mawazo yako huyasikii.

"Wembe!" alipiga kelele Tabasamu. "Bado picha!"

"Unasema?" Wembe alitega sikio kwa mkono. "Sisikii, Meneja! Niko kazini!"

Simu yake ilishaingia kwenye pipa. Fundi wa kukunja pembe akatia yake, akakaa. Wabeba majora wakatia zao. Cherehani zikaanza moja baada ya nyingine, na Tabasamu akabaki katikati, amenyanyua kipaza sauti, midomo inacheza na hakuna kinachotoka. Tajiri alitazama watu wake wote wakifanya kazi kabla ya wakati. Ni jambo ambalo alikuwa akiliombea miaka yote, na alipolipata aligeuka akatoka. Kabla ya chakula cha mchana picha ya mzee ilikuwa imeondolewa, na jioni kila mtu akachomoa simu yake kwenye pipa.

Wiki ile hakuna godoro lililoonekana kwenye simu ya mtu. Tabasamu alikuwa anaingojea Ijumaa yake.

Ijumaa ilipofika alipanda juu ya rundo la magodoro na kipaza sauti. Safari hii Tajiri hakuwepo. "Wafuatao," alisema, "ni wasio na moyo wa kampuni. Na wajue kwamba msimu wa biashara ndogo unakuja." Akalisoma jina la Sindano, la kwanza kabisa, kwa kulivuta.

Desturi ilikuwa ukisomwa unainamisha kichwa. Sindano aliinua mkono juu, kama mtoto wa shule anapoitwa asubuhi.

"Nipo!"

Tabasamu alisita. Akasoma jina la Wembe.

"Nipo!" ilikuja kutoka nyuma ya sponji, nene na ya masihara.

Akasoma la fundi wa kukunja pembe. "Nipo!" Akawasoma wabeba majora, na kila mmoja aliitika kwa sauti kuliko aliyemtangulia. Alikuwa amekwishaanza na hakuwa na pa kuishia, maana hakuna aliyeweka tangazo, kwa hiyo ilimbidi awasome wote, kila mtu aliyepokea mshahara mle ndani, huku jasho likimtiririka. Watu walikuwa wanacheka sasa, wanapiga meza. Alipofika kwa mlinzi wa kiwandani, aliyekuwa na kisimu cha vibonye ambacho hakijui hata picha ni nini, mlinzi alisimama langoni akapiga saluti. "Nipo, mkuu!" Ukumbi ukalipuka.

Yatakayokuja msimu ukilegea, Sindano hakuyajua. Alichojua ni kwamba mtu hawezi kuwaambia wote wakapumzike nyumbani halafu akashona magodoro mwenyewe.

Alipofika nyumbani alimpigia shangazi yake kumwomba amfungulie stetasi zake.

"Nitakufungulia," alisema shangazi, "lakini nikiona hata mto, nakufunga maisha."

Alikata simu huku anacheka. Alikuwa anachambua mboga uani wakati sauti ya baba yake ilipotoka chumbani, ile sauti ya mtu aliyeamka asijue yuko wapi.

"Kitinda? Kitinda!"

Aliacha mboga zikamwagika.

"Nipo, Baba," alisema. "Nimekusikia. Nipo."